Vijana wetu, telefone na jicho la moyo



Tukihubiri juu ya telefone, mara nyingi tunataja maovu mawili: picha za uchafu, na kupoteza wakati. Maovu hayo yapo kweli, na wazazi wanayalalamikia kila siku. Lakini kuna ovu la tatu lisilotajwa sana, wala katika mahubiri wala katika kitubio, nalo hapa kwetu katika bonde la Ruzizi linaweza kumwaga damu. Ovu hilo ndilo hili: telefone inajaza roho ya kijana sura za watu ambao hajapata kuwaona wala kuongea nao, na sura hizo zinatoa hukumu pahali pa dhamiri yake. Tutaeleza kwanza nguvu hiyo ya roho inayobeba sura. Kisha namna telefone inavyofanya kazi ndani yake. Kisha hatari iliyo kwetu. Kisha maswali matatu ya dhamiri. Na mwisho dawa.

I. Jicho la moyo ni nini?

Mwanaseminari aliyesoma filozofia anakumbuka mafundisho ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino juu ya nguvu za ndani za mwanadamu (Summa, sehemu ya kwanza, swali la 78). Macho na masikio yanapokea vitu vya nje. Lakini vitu vikiisha kupita, kuna nguvu ndani yetu inayochunga sura zake, nayo inaitwa imaginatio. Kuna nyingine inayopima kama kitu hiki ni cha kupendwa ao cha kuogopwa, na nyingine tena inayokumbuka. Katika swali la 84 Tomaso anaongeza neno kubwa: hapa duniani akili yetu haifahamu neno lolote bila kugeukia sura hizo.

Katekista ambaye hakusoma Tomaso anajua neno hili kwa kazi yake. Akiuliza mtoto mapendo ni nini, mtoto hatoi maelezo ya katekisimu tu. Anasema: ni kama siku ile jirani alipomchotea maji bibi mgonjwa. Mtoto ameona sura, na kwa sura hiyo anafahamu fundisho.

Dhamiri nayo inafanya kazi hivyo. Mbele ya kuamua nitamtendea mtu fulani namna gani, ninamwona kwanza ndani yangu. Nikimwona ndani kama mtu, mwenye mama, mwenye njaa, mwenye aibu na mwenye jina, amri ya tano inapata pahali pa kushika. Nikimwona ndani kama nyoka, amri ile ninaijua kwa kichwa tu, lakini haizuii mkono wangu.

Maandiko Matakatifu yanaonyesha jambo hili wazi. Mfalme Daudi alipomtwaa mke wa Uria na kumtuma Uria afe vitani, alikuwa anaijua sheria ya Mungu vizuri. Nabii Natani hakumsomea sheria. Alimhadisia juu ya maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu, aliyekuwa anakula naye na kulala naye, na juu ya tajiri aliyemnyang'anya. Daudi akaona, akakasirika, na kisha akatambua kama tajiri yule ni yeye mwenyewe. Bwana wetu Yezu Kristu alifanya hivyo pia. Wayuda walikuwa na sura moja ya Msamaria moyoni mwao, sura ya mtu mchafu wa kuepukwa. Yezu hakubishana nao juu ya makabila. Aliwachorea Msamaria mwengine, mwenye punda, mafuta, divai na vipande viwili vya feza mkononi, anayefunga vidonda vya mtu asiyemjua.

Basi, jicho la moyo ni uwezo huo wa kumwona mwengine ndani yetu kuwa mtu. Uwezo huo ni zawadi ya Muumba, lakini unaomba kulishwa na kulindwa. Unaweza kukua, na unaweza vilevile kupofuka.

II. Telefone inachora sura namna gani?

Zamani mtoto alipata sura nyingi kwa hadisi za wazee karibu na moto. Mzee alitoa maneno, mtoto akachora mwenyewe ndani yake. Mzee alikuwa anamtazama mtoto: akiona woga, alisimama na kueleza; akiona kiburi, aliongeza mwisho wenye kufundisha. Telefone inaleta sura iliyokwisha kuchorwa, na hakuna anayemtazama mtoto usoni.

Nani anachagua sura hizo? Hapa inafaa tufahamu vizuri, kwa sababu wengi wanafikiri telefone ni kama dirisha linaloonyesha dunia jinsi ilivyo. Si hivyo. Katika Facebook na TikTok kuna programu zinazopima kila kijana: picha gani imemfanya asimame, video gani ameitazama mpaka mwisho, neno gani ametuma kwa wengine. Kisha programu zinamletea nyingine za namna ileile. Makampuni hayo yanaishi kwa matangazo ya biashara: macho yakikaa zaidi, feza inaingia zaidi. Na kila mtu anajua kama hasira na woga vinashika macho ya mwanadamu kuliko habari ya amani. Kijana anayetazama leo video moja ya kutukana kabila fulani atakuta kesho kumi za namna hiyo. Atasema: dunia yote inasema hivi. Kumbe kila mmoja amepakuliwa sahani yake mwenyewe, na ya jirani yake ni tofauti.

WhatsApp ni namna nyingine. Kule hakuna programu inayochagua. Anayetuma ni shangazi, rafiki wa masomo, ao ndugu aliyehamia Bujumbura. Kwa hiyo tunaamini upesi zaidi. Na sauti iliyorekodiwa ina nguvu kupita maandiko: unasikia mtu anatetemeka, analia, anapumua kama anayekimbia. Lakini sauti ile inaweza kuwa imepita watu mia mbele ya kukufikia, na wa kwanza aliyeisema hajulikani. Alama ya mishale miwili juu ya ujumbe inaonyesha kama umetumwa mara nyingi, kutoka mtu mpaka mtu. Wachache kati ya wakristu wetu wanajua maana yake; ni vizuri katekista awaonyeshe.

Wenye WhatsApp wenyewe walitambua hatari. Katika mwaka 2018, nchini India, uvumi juu ya watu wanaoiba watoto ulipita katika telefone, na wapita-njia wasio na kosa walipigwa mpaka kufa. Mwezi wa Januari 2019 kampuni iliweka kipimo kwa dunia nzima: ujumbe hautumwi tena mbele kwa zaidi ya watu ao magrupu matano kwa mara moja. Mwezi wa Aprili 2020, kwa ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi, ilipunguza mpaka mmoja tu. Wafanyabiashara wameona kama mbio ya neno inaweza kuua. Sisi wachungaji tutakuwa wa mwisho kuliona?

Tena, picha katika telefone inaacha pahali pake na siku yake. Mfano tunao kwa jina la Luvungi lenyewe. Mtu akitafuta jina hili katika intaneti atakutana na habari za kutisha za mwezi wa Julai na Agosti 2010, wakati wanawake wengi walipobakwa na watu wenye silaha. Kwa Luvungi na vijiji vya jirani yake, Umoja wa Mataifa ulihesabu waliobakwa zaidi ya 300. Lakini Luvungi ile ni ya Walikale, katika Kivu ya Kaskazini. Si Luvungi yetu ya njia ya Uvira. Maumivu ya wale wanawake ni ya kweli, na yanastahili sala na haki. Lakini asiyejua atayachukua na kuyaweka juu ya watu wengine kabisa. Kama jina peke yake linapotea hivi, picha isiyo na jina itapotea mara ngapi? Maiti ya nchi moja inaonyeshwa kuwa ya nchi nyingine, nyumba iliyoungua zamani inaonyeshwa kuwa ya jana. Na sasa kuna picha na sauti zilizotungwa na mashine yenyewe, za mambo yasiyotokea hata kidogo. Vatikano ilionya juu ya neno hilo katika barua Antiqua et nova ya tarehe 28 Januari 2025.

III. Hatari iliyo kwetu

Tusiseme kama telefone ndiyo iliyoleta vita katika nchi yetu. Chuki za makabila, shida za mashamba na ng'ombe, tamaa ya wakubwa na silaha zinazouzwa, hayo yote yalikuwapo mbele yake. Katika mwaka 1964 hakuna kijana wa Fizi aliyekuwa na telefone mfukoni, na damu ilimwagika. Lakini chombo kinachochora sura kinaweza kutayarisha mkono, na jirani zetu wa Rwanda wamelipa bei ya fundisho hilo. Redio RTLM ilianza kusikika kule katika mwaka 1993. Iliwaita watu kwa jina la mdudu, siku kwa siku, kwa vichekesho na nyimbo. Mwaka uliofuata, mtu aliyekuwa akiazimana chumvi na jirani hakuona tena jirani, aliona mdudu. Mwezi wa Desemba 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu watu wawili wa redio ile na mmoja wa gazeti. Ilitambua kama neno lililoandikwa na lililosemwa linaweza kuwa silaha.

Kwetu tuna jambo la karibu zaidi, na ni uchungu kulitaja. Tarehe 9 Desemba 2021, kwa Lweba, kando ya ziwa, katika teritwari ya Fizi, afisa mmoja wa jeshi la taifa alitolewa garini na kikundi cha watu. Akauawa, na mwili wake ukachomwa moto. Sababu ilikuwa kabila lake. Watu walikuwapo na telefone mkononi, na picha za tendo lile zilipita kutoka simu mpaka simu. Hapa tuangalie maovu mawili, wala si moja. La kwanza ni la wale waliomwona ndugu yao kuwa adui kwa sababu ya sura tu. La pili ni la sisi wengine, mbali na Lweba, tuliotazama, na kutazama tena, na kutumia wengine.

Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha sita cha Maungamo yake, anahadisia juu ya rafiki yake Alipio. Huyu alichukia michezo ya Roma ambamo watu waliuana mbele ya makutano. Siku moja rafiki zake walimkokota mpaka pale. Alifunga macho, akisema mwili wake tu utakuwa pale, roho itakuwa mbali. Lakini makutano wakapiga kelele kubwa, akafungua macho. Mara moja alikunywa ukali ule kama mtu anayekunywa divai, wala hakutoka pale kuwa yule aliyeingia. Alirudi tena, akavuta na wengine. Mtakatifu Tomaso naye anafundisha (sehemu ya pili ya pili, swali la 167) kama kutazama michezo kunageuka kuwa vibaya pale kunapomwelekeza mtu kwenye uchafu ao kwenye ukali. Tuangalie: wanatheolojia wetu wametaja uchafu na ukali pamoja. Sisi tumezoea kukataza kimoja tu. Kijana anaungama picha za uchafu. Haungami video ya mtu anayepigwa, kwani hakuna aliyemwambia kama hiyo nayo inaharibu macho ya roho.

Inafaa vilevile tuseme mema, kwa haki. Vita ilipofika Luvungi na kisha Uvira, mwezi wa Desemba 2025, makumi ya maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi. Wamama wengi walipata habari za watoto wao kwa telefone. Feza ya kununua chakula ilipita katika telefone. Katika siku zilezile, njia ileile ilipitisha uvumi: kwamba fulani ameonyesha njia kwa adui, kwamba watu wa nyumba fulani walikuwa wamejua mbele. Mto mmoja ulileta maji ya kunywa na matope. Marehemu Papa Fransisko, katika barua Christus vivit ya mwaka 2019, alisema maneno ya namna hii kwa vijana: katika dunia hiyo ya mitandao kuna mkutano na msaada, na kuna pia upweke, udanganyifu na ukali. Na Konsilio ya Vatikano ya Pili, katika Inter mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, iliwakumbusha wanaopokea habari kama nao wana wajibu wa kuchagua, si wanaozitoa tu.

IV. Maswali matatu ya dhamiri

Swali la kwanza. Kijana amepokea sauti inayosema kama watu wa kijiji fulani wametia sumu katika chemchemi. Ametuma mbele katika magrupu manne, akisema moyoni: labda ni kweli, labda ni uongo, lakini heri watu wajihazari. Je, ametenda zambi?

Jibu. Nia ya kuonya ni njema, lakini haitoshi. Kusadiki ubaya wa mwengine bila sababu ya kutosha ni hukumu ya haraka. Kuutangaza ni kumharibia jina. Na kwa sababu neno la sumu linaweza kuleta mauaji siku ileile, jambo lenyewe ni zito. Kipimo cha kosa lake kitafuata mambo aliyoyajua na hiari yake. Kama alitaka kuonya, alikuwa na njia: kumwita katekista ao mkubwa wa mtaa, kuuliza mtu wa kijiji kile. Je, anapaswa kulipa? Ndiyo. Jina jema ni mali, na aliyeiba mali anarudisha. Padri anayeungamisha amwombe aandike katika magrupu yaleyale manne kama habari ile haikuhakikishwa. Kufuta ujumbe katika simu yake mwenyewe si kulipa.

Swali la pili. Mwanaseminari, wakati wa vakansi, anatazama video ya mtu anayeuawa. Anasema: ninatazama kwa kujua habari ya nchi yangu.

Jibu. Kuna wenye wajibu wa kutazama: hakimu, mganga, wanaochunguza mabaya ili haki ipatikane. Kwao kutazama ni kazi, na ni kazi ngumu. Mwengine anaweza kujua habari bila kuikaza picha machoni. Ajiulize: nikiisha kutazama, nimefanya nini? Nimemwombea aliyekufa? Nimewasaidia watu wake? Kama jibu ni kwamba ametafuta nyingine ya kutazama, basi ilikuwa udadisi, si kujua. Tena akumbuke kama yule maiti ana mama, na mama huyo pengine ana telefone. Kama video inaweza kusaidia haki, aipeleke kwa wenye kazi hiyo, asiitawanye. Na kama haiwezi, aifute.

Swali la tatu. Katekista ndiye mkubwa wa grupu ya WhatsApp ya shirika lake. Usiku mtu mmoja ametia neno la kutukana kabila la mwengine. Katekista amenyamaza, kusudi asilete ugomvi.

Jibu. Kunyamaza kwa kiongozi kunasikika kama kukubali. Mtakatifu Tomaso anafundisha (swali la 73) kama anayesikiliza masingizio na kuweza kuyazuia, asiyazuie, anashiriki kosa. Na mkubwa ana deni kupita wengine. Evanjili ya Mateo inatuonyesha njia ya kuonya ndugu: kwanza ninyi wawili, kisha na mashahidi, kisha mbele ya Eklezya. Lakini neno lililosemwa mbele ya watu wote linaomba pia jibu fupi mbele ya wote, bila matusi: neno hili si la kikristu, tunaomba lifutwe. Kisha amwendee aliyeandika nyumbani kwake, kwa miguu, waongee uso kwa uso. Kesi nyingi zinakwisha pale.

V. Dawa

Wengine wanasema: tuwanyang'anye telefone. Katika seminari ndogo kanuni ya kuzuia telefone kwa saa fulani ni nzuri, kwani masomo, usingizi na sala vinaomba kimya. Lakini kunyang'anya peke yake hakuponyi. Yezu alisema juu ya nyumba iliyofagiliwa na kubaki tupu: pepo aliyetoka alirudi na wengine saba wabaya kupita yeye. Jicho la moyo likiondolewa sura mbaya bila kupewa njema, litarudia zile za kwanza siku ya kwanza ya vakansi. Basi inafaa kulisha. Tunaonyesha njia nne.

Kwanza, tuwahadisie vijana juu ya watakatifu wetu, tena kwa majina, pahali na siku. Diosezi ya Uvira ina hazina yake. Tarehe 18 Agosti 2024, kwa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo, kwa jina la Papa, aliwatangaza kuwa wenyeheri Wamisionari Wasaveriani watatu, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na Padri Albert Joubert, mtoto wa nchi hii kwa mama yake. Wote wanne waliuawa tarehe 28 Novemba 1964, wawili kwa Baraka, wawili kwa Fizi. Kwa Baraka, Bruda Faccin alipigwa risasi wa kwanza. Padri Carrara alikuwa anaungamisha watu. Alitoka, akaona, akapiga magoti karibu na mwili wa ndugu yake, akauawa pale. Mkristu wa pwani hii anaweza kuweka sura mbili moyoni, Baraka ya mwaka 1964 na Lweba ya mwaka 2021, na kujiuliza: siku ya mwengine kuanguka, mimi nitakuwa pahali gani? Kati ya wale wanaoshika telefone juu, ao karibu na yule aliyepiga magoti?

Tuwahadisie pia juu ya mwenyeheri Floribert Bwana Chui wa Goma. Alikuwa kijana wa miaka 26, mwenye kazi ya kupima bidhaa zinazoingia nchini. Alipewa feza aruhusu chakula kilichooza kipite mpakani. Alikataa, akauawa mwezi wa Julai 2007. Eklezya ilimtangaza mwenyeheri kwa Roma tarehe 15 Juni 2025. Wale ambao wangekula chakula kile hawakuwa mbele yake, hakujua majina yao; lakini aliwaona. Hilo ndilo jicho la moyo tunalolisema. Na kijana anayependa kompyuta aambiwe juu ya Karlo Acutis, aliyekufa katika mwaka 2006 akiwa na miaka 15, akatangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Yeye alitumia kompyuta kukusanya na kuonyesha miujiza ya Ekaristi.

Pili, turudishe hadisi na michezo. Xaveri, iliyozaliwa Bukavu, Skauti na Kiro wamezoea michezo ya kuigiza. Tuwape kazi hii: kijana wa Kifuliru aigize Murundi ao Munyamulenge aliyepoteza ng'ombe wake, kijana wa Kinyamulenge aigize mkulima ambaye ng'ombe wamekula muhogo wake. Aeleze kesi mpaka mwenye kesi aseme: ndiyo, ndivyo ninavyoumia. Anayeweza kusema hivyo kwa kinywa chake hatadanganywa upesi na sauti isiyo na jina.

Tatu, tuwakutanishe. Sura ya uongo inaogopa uso wa kweli. Kwaya moja yenye nyimbo za Kifuliru, Kivira, Mashi na Kirundi, timu ya mpira isiyochaguliwa kwa kabila, kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji wa maji ya mashamba ya mpunga: mambo hayo yanaonekana madogo. Lakini yanampa kijana majina. Siku video ya matusi ikifika, atakuwa na mtu wa kumpigia simu na kuuliza: uko salama? Neno hili ulilisikia namna gani kule kwenu?

Nne, tuwafundishe kupima mbele ya kutuma. Maswali matatu yanatosha, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuyashika. Nani ameona kwa macho yake? Lini, na pahali gani? Je, ningeweza kusema neno hili mbele ya mama wa yule anayetajwa? Kama jibu moja linakosekana, ujumbe usitumwe. Na usiku, katika kutafuta dhamiri, kijana aongeze neno moja: leo nimeona nyuso gani katika telefone, na nimemwombea nani kati yao? Sura iliyoombewa inageuka kuwa mtu tena.

Haya yote yanatuhusu sisi kwanza, mapadri na wanaseminari. Vijana wanajua ni magrupu gani tumo, na ni video gani tunacheka nazo baada ya chakula. Padri anayehubiri amani asubuhi na kutuma uvumi jioni amejibu mahubiri yake mwenyewe.

Tangu mwaka 1967 Eklezya ina siku ya mawasiliano duniani, siku ya Mungu iliyo mbele ya Pentekoste. Katika parokia nyingi inapita kwa tangazo moja tu baada ya Misa. Kwetu inaweza kuwa siku ya kazi: mchezo mmoja wa vijana, maelezo ya mishale miwili kwa wazazi, hadisi ya wenyeheri wa Baraka na Fizi, na sala kwa jina la wale wote ambao picha zao zilipita mikononi mwetu bila sisi kuwaombea. Kila katekista atayarishe mashirika yake mwezi mmoja mbele, na viongozi wa magrupu ya WhatsApp ya parokia waitwe wa kwanza.